Mtu Anayeziba Forodha

Katoro, Jumapili jioni

Mwanangu Kabula,

Begi lako nimeliona mlangoni. Limefungwa vizuri kuliko nilivyowahi kufunga la kwangu, kwa hiyo sitakuandikia habari za mashuka, wala nauli, wala chakula cha njiani. Una akili ya kutosha ya kununua maji. Nakuandikia jambo ambalo juma zima nimeshindwa kukwambia kwa mdomo, kwa sababu kila nikilianza naishia kukutuma dukani. Lisome ukiwa ndani ya basi, ukishaipita Kahama, mahali ambapo huwezi tena kushuka na kurudi kunibembeleza.

Unakumbuka ulivyokuja jikoni na simu yako, umefurahi. Ulisema, "Mama, angalia kazi waliyonipa ya majaribio. Unaiona hii picha ya zamani? Sasa tazama hii."

Ya kwanza ilikuwa na kijana aliyesimama mbele ya jengo lenye roshani. Ya pili ilikuwa na jengo peke yake.

"Nimemtoa," ulisema. "Hata alama huoni."

"Umemtoa nani?"

"Huyu mtu aliyekuwa anaziba forodha."

Niliweka mwiko chini nikatoka nje kwa kuku. Ulidhani moshi umeniingia machoni, ukaniletea kitambaa. Mtu yule, Kabula, ni Masanja, mdogo wangu, mjomba wako aliyefukiwa Nyarugusu kabla hujazaliwa. Hukumjua kwa sura, na hilo silo kosa lako. Nyumbani kwetu palikuwa na picha yake moja tu, na bibi yako, ambaye wewe umeitwa kwa jina lake, alizikwa nayo.

Sasa nieleze tangu mwanzo, maana nachukia habari inayoanzia katikati.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilipangiwa shule ya msingi Nyarugusu. Mshahara ulichelewa, nyumba ya mwalimu haikuwa na mlango, na nusu ya wanafunzi wangu walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu na mama zao. Karibu na soko alikuwapo Mzee Omari, mpiga picha. Alitoka Mikokoni, mji mdogo wa pwani, huko huko unakokwenda wewe kesho. Alikuja huku kwa biashara ya nguo, mtaji ukaisha, akabaki na kamera. Alipanga chumba cha udongo, akatoboa paa na kuweka kioo ili mwanga uingie, na ukutani akatundika pazia kubwa la kitambaa cha marekani alilolichora mwenyewe kwa rangi za mafuta. Pazia lilikuwa na forodha ya kwao, roshani yake, ngazi za mawe zinazoteremka majini na minazi upande mmoja. Wachimbaji walisimama mbele ya pazia hilo wakapigwa picha.

Niliwahi kumsifu. Nikamwambia, "Mzee, umekumbuka hata madirisha."

Akacheka. "Madirisha niliyasahau zamani, Mwalimu. Nimeweka yanayotosha kitambaa."

Lishike hilo, nitalirudia.

Wachimbaji walikuja kama walivyotoka kazini, na hakuna mtu anayetaka mama yake amwone hivyo. Kwa hiyo Mzee Omari alikuwa na koti jeusi moja, pana, lisilo na kifungo cha katikati. Kila mteja alilivaa kwa zamu. Foleni ilikuwa nje na matani yalikuwa mengi.

"Ngosha, vua koti, na mimi nikawe tajiri kidogo."

"Subiri. Utajiri wangu haujakauka jasho."

"Usilichafue. Mchumba wangu atasema nina jasho la watu wengine."

Nyuma ya picha walitaka maneno ya kupeleka nyumbani, na wengi wao hawakujua kuandika. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Picha zilisafishwa Mwanza, zilikaa huko muda mrefu, na Jumamosi ziliporudi nilikaa katika chumba cha Mzee Omari na kalamu ya wino nikaandika yale ambayo kila mmoja alikuwa ameyaagiza. Wengi waliagiza jambo moja: andika niko pwani. Vijana hawa walitoka katika nyumba za wafugaji na wakulima, ambako wazazi walikuwa wamekwisha kusikia jinsi duara, shimo la kuchimbia dhahabu, linavyojifunga na watu wakiwa chini. Mwana aliyeko pwani alikuwa hai. Mwana aliyeko duarani alikuwa anasubiriwa.

Niliandika. Nilijiambia kwamba ninawapumzisha wazazi. Ukweli ni kwamba niliupenda mwandiko wangu. Nilifundishwa na watu wakali, herufi zangu zilisimama wima, sentensi zangu zilikuwa na kila kitu mahali pake, na pale Nyarugusu hapakuwa na mtu mwingine wa kuzitazama.

Masanja alikuja kwangu baada ya mavuno kuwa mabaya. Nilimwambia arudi Segese kwa mama. Akaniambia mama mwenyewe ndiye anayetaka debe la mahindi, na debe haliletwi na ushauri. Akaingia duarani. Mwezi uliofuata akavaa lile koti, akasimama mbele ya pazia, akapigwa picha mbili zilizofanana, moja ya mama na moja yake.

"Dada, andika niko pwani."

"Pwani wapi? Pwani ni kubwa."

"Wewe ndiye mwalimu. Tafuta."

Ningeandika maneno yake matatu yale ya "Mama, niko pwani," na pengine yangesahaulika. Badala yake niliyatengeneza. Niliandika hivi nyuma ya zote mbili, na nina hakika kwa sababu mwaka jana nimeyasoma tena: "Nikiwa mbele ya forodha ya Mikokoni, mahali pangu pa kazi. Ni mimi mwanao mtiifu, Masanja." Alinitaka nimsomee. Nilipomaliza akaigeuza picha, akajitazama.

"Aisee. Hata mimi nimeamini," akasema.

Picha ya mama niliituma kwa mtu wa kwetu. Yake aliiacha kwa Mzee Omari mpaka apate fremu.

Duara lilijifunga wakati wa masika. Waliokuwa juu walichimba mpaka udongo ukaanza kuwafuata wao, wakaacha. Hapakuwa na mwili. Nilikwenda Segese mimi mwenyewe, nikamkuta mama anapepeta mtama.

"Mayu, Masanja hayupo tena."

"Hayupo wapi?"

"Amefunikwa na duara, Nyarugusu."

Hakulia. Aliingia ndani akarudi na ile picha, akaigeuza nyuma. Hakujua kusoma, lakini maneno yote aliyajua kwa kichwa, maana mtoto wa jirani alikuwa amemsomea mara nyingi.

"Masanja hajawahi kufika Nyarugusu. Yuko pwani, kwenye forodha. Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Kwa hiyo mwandiko wako unadanganya?"

"Ndiyo, mayu."

"Basi usifundishe watoto wa watu," akasema, akarudi kwenye mtama wake.

Ndugu walikaa matanga. Yeye alikwenda shambani. Tangu siku hiyo, kila aliyepita Segese akitoka mbali aliulizwa kama amemwona kijana mmoja mwenye koti jeusi, anayefanya kazi ya serikali baharini. Watu wa heshima walisema hawajamwona. Lakini kulikuwa na mchuuzi wa mitumba, mtu mzima mwenye mvi, aliyegundua kwamba nyumba ile ina maziwa kwa yeyote mwenye habari za pwani. Akawa kila akipita anamwambia, "Masanja nimemwona, amenenepa, anasalimia." Nilimkuta siku moja ameshika kibuyu, povu la maziwa kwenye ndevu. Nilipomkabili nje ya boma hakuona haya hata kidogo.

"Mwalimu, wewe ulianza. Mimi naendeleza tu," alisema.

Nimekutana na watu wengi wa kunichukiza katika maisha yangu, na katika miji hii ya dhahabu hawakosekani. Huyo alikuwa anasema kweli. Nilichoweza kufanya ni kuikataa kalamu ya Mzee Omari. Bibi yako aliishi miaka mingi baada ya hapo, na aliishi akisubiri. Alipofariki tulimkuta na picha ile ndani ya kanga aliyojifunga, tukamwacha nayo.

Sasa kuhusu Mikokoni.

Mzee Omari alirudi kwao akiwa mgonjwa, akachukua kamera, koti na sanduku la picha. Mle mlikuwa na picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Uelewe maana yake, Kabula. Mchimbaji aliyelipia picha yake na akawa mzima, aliifuata. Wengine walihamia machimbo mengine, sikatai, lakini wengi wa wale waliobaki katika sanduku walibaki kwa sababu ile ile iliyombakiza Masanja. Nyuma ya karibu kila picha kuna mwandiko wangu unaosema mtu huyo yuko pwani.

Mwaka jana nilialikwa harusi ya mjukuu wa Mzee Omari, nikaenda. Wenyeji wangu walikuwa watu wema, walinilisha vizuri, na nilijisifu kwao kuhusu binti yangu aliyesomea utunzaji wa kumbukumbu. Ndivyo jina lako lilivyofika huko. Siku ya pili wageni tulipelekwa kuona Nyumba ya Picha, mahali pa kuhifadhi historia ya mji, na aliyetutembeza alikuwa mwenyekiti wa kamati mwenyewe, mtu wa makamo, amevaa kanzu safi, anaongea vizuri.

Nilipoingia nikaona koti.

Ukuta mzima, Kabula. Wamekuza picha, wamezitia vioo, na juu wameandika "Wazee Watanashati wa Mji Wetu." Nilimwona Ngasa aliyekuwa anaimba. Nilimwona yule aliyekuwa na kovu la nyundo kwenye paji la uso, na chini yake wameandika "Nahodha." Wote wamevaa koti moja, kwa wengine mikono imepita vidole. Miguu yao ni ya udongo mwekundu mpaka magotini, na udongo wa Mikokoni ni mchanga mweupe. Masanja yuko katikati. Wamemwandika "Karani wa Forodha."

Nilimuuliza mwenyekiti, "Mbona koti ni moja?"

"Mama, mji ulikuwa mdogo. Fundi alikuwa mmoja."

"Na kifungo kiliwakatikia wote?"

Wageni wakacheka. Na yeye akacheka, akatupeleka chumba cha pili. Nilimsubiri watu walipotoka kunywa kahawa. Nikamwambia wale ni wachimbaji wa Nyarugusu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuona bahari, na ile forodha ni pazia.

Nilidhani atashtuka. Alishusha sauti tu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mimi si mtoto, Mama Kabula. Mikunjo ya kitambaa naiona. Lakini forodha ilianguka, na hakuna picha nyingine inayoionyesha hivi. Halafu nyuma pameandikwa. Nani atabishana na mwandiko kama ule?"

Akatoa picha yenyewe ya Masanja kwenye droo, akaigeuza, nikayasoma maneno yote. "Mwandiko ni wangu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Basi mji unakushukuru sana."

Sijui kama umewahi kushukuriwa kwa jambo la aina hiyo. Nilihisi kama nimelambwa. Nikamwambia awashushe watu wale au aandike majina yao, na majina mengine ninayakumbuka. Akafikiri kidogo akasema, "Kama watu wanakukera, tunaweza kuwatoa. Siku hizi kompyuta inafanya hiyo kazi. Sisi tunachohitaji ni jengo."

Nikaondoka. Sikuuliza tena, sikuandika kwa mtu yeyote, nikarudi Katoro na kukwambia kwamba chakula cha pwani hakikunikubali. Miezi ikapita, wewe ukaitwa kazini Nyumba ya Picha, nikafurahi, nikajidanganya kwamba utapewa kazi ya kupanga mafaili. Mpaka ulipokuja na simu yako jikoni. Nililalamika ili wale wafu wapewe majina, na malalamiko yangu ndiyo yaliyozaa kazi ya kuwafuta, na mfutaji ameajiriwa kutoka tumboni mwangu.

Usidhani nawachukia watu wa Mikokoni peke yao. Wao angalau wametundika kitu. Sisi huku tuna nini? Nilipita Nyarugusu baada ya harusi ile nikauliza chumba cha Mzee Omari kilikuwa wapi. Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia, "Bibi, hapa kila kitu ni kipya." Alisema kwa kujivuna. Mahali penyewe pana duka la kubashiri mpira, na nyuma yake watu huoshea udongo wenye zebaki kwenye mtaro ambao watoto wanaukanyaga wakienda shule. Hapa Katoro jirani yetu alipojenga nyumba ya vigae alitupa picha za baba yake jalalani kwa sababu baba alipigwa picha akiwa peku. Nilizikuta zimelowa. Nilipomrudishia akaniambia nizichome. Mji wa pwani unaiba wafu wetu ili upate historia, na sisi tunawatupa ili tuonekane hatukuwahi kuwa maskini. Nikipima uchafu huo na huo, sioni ulio mwepesi.

Nimekufikiria sana usiku wa jana. Ningeweza kukukataza kwenda. Ungenitii, ungekaa hapa ukichapa barua za watu pale stendi, ukaninunia mpaka nife. Kazi umeisomea, mshahara ni wa halali, na picha kwa kweli zinahitaji mtu mwenye mikono safi. Kwa hiyo nenda. Lakini huwezi kwenda ukiwa hujui, kwa sababu hapo utakuwa kama mimi nilivyokuwa na kalamu ya wino: unafanya vizuri sana jambo ambalo hujaliuliza.

Watakwambia unahifadhi forodha. Kumbuka nilichokwambia ukishike. Mzee Omari aliyasahau madirisha, akaweka yanayotosha kitambaa. Roshani ile pengine ilikuwapo, pengine ilikuwa ndefu zaidi katika kichwa cha mtu aliyekaa mbali na kwao muda mrefu. Simlaumu, alikuwa na hamu ya nyumbani na alichora vizuri. Hata hivyo pazia ni pazia. Kitu pekee katika picha ile ambacho kilikuwapo mbele ya kamera kwa nyama na damu ni mtu mwenye koti la kuazima. Ukimtoa yeye, utakuwa umetupa mtu na kuhifadhi kitambaa. Na mji wa watu wale, ambao nautakia mema, utabaki na forodha ambayo huenda haikuwahi kusimama hivyo.

Na usinielewe vibaya: pazia lenyewe, hata likiwa limebaki ndani ya picha tu, linastahili kuhifadhiwa. Ni kumbukumbu ya kweli ya mtu wa Mikokoni aliyekaa Nyarugusu akiwaza kwao. Waandike hivyo. Ni habari nzuri kuliko hiyo ya nahodha na karani, na haimwibii mtu.

Nina ombi moja, na ni ombi, kwa sababu kesho hutakuwa tena chini ya paa langu. Kabla hujaanza kazi yoyote, omba uone picha zenyewe, siyo zile za kwenye kompyuta. Itafute ya Masanja, uigeuze. Maneno yangu usiyafute wala usiyafunike. Yakate kwa mstari mmoja mwembamba, kama nilivyokuwa nakata makosa katika madaftari yako, ili yeyote atakayekuja aweze kusoma nilichoandika na ajue kwamba kimekatwa. Chini yake kuna nafasi. Mwenyekiti akikuuliza nani amekuruhusu, mwambie mwenye mwandiko. Akikufukuza, basi la Katoro linatoka huko kila siku na chumba chako sitakipangisha. Akikuacha, endelea na anayefuata. Majina ninayoyakumbuka nitakupa kwa simu, na nisiyoyakumbuka uandike tu kwamba hayajulikani, maana hilo nalo ni kweli.

Ukiona mkono unasita, usiandike vizuri. Andika vibaya, lakini andika. Maneno nimekuandalia hapa, nimeyaondolea kila pambo, uyanakili kama yalivyo:

Masanja, mwana wa Kabula wa Segese. Mchimbaji. Alipigwa picha Nyarugusu na kufa Nyarugusu. Koti si lake. Nyuma yake ni pazia.

Mama yako